Iacheni Pua ya Mtoto

Jumamosi asubuhi, hamri langu hata sijalifikisha nusu, bibi mmoja aliingia kemisti na mjukuu mgongoni. Akaitua chupa ya amoksilini juu ya kaunta kama anayerudisha mali mbovu. "Mwanangu, dawa hii haimwingii. Nambana pua, nambana, lakini wapi!"

Alikuwa wa nne wiki hiyo, hapa hapa Kongowea, Mombasa. Nikamwomba anionyeshe. Akamlaza mtoto chali mapajani, akamfunga mikono kwa leso, vidole viwili puani, kijiko kikawekwa tayari juu. Mtoto akakakamaa, kinywa wazi. "Basi bibi, nimeona. Mwachilie."

Haya, tusikizane. Mtoto aliyebanwa pua hufungua kinywa, hilo kweli, na ndilo linalowapoteza watu. Hakifungui ili ameze, akifungua anatafuta hewa. Kumeza na kupumua havifanyiki kwa pamoja: ukimeza, njia ya hewa hujifunga kwa kitambo, kisha hufunguka tena. Sasa wewe pua umeiziba, mtoto analia, na kila kilio kinafuatwa na pumzi ndefu ya kuvuta ndani. Ni katikati ya pumzi hiyo unammiminia kijiko kizima. Dawa itafuata hewa. Akiwa na bahati atapaliwa, akohoe, aimwage yote kwenye leso yako. Asipokuwa na bahati itashuka mapafuni, na mtoto aliyeletwa kwa homa ndogo atarudishwa akihema. Wa miezi miwili mitatu ndio kabisa, maana hao kupumua kwao ni puani hasa.

Najua jibu: "Mbona sisi tulinyweshwa hivyo na tuko hai?" Mko hai, alhamdulillahi. Lakini mlikuwa mkinyweshwa mwarobaini, na mwarobaini sijui nani angeukubali kwa hiari. Siku hizi dawa ina ladha ya chungwa na bado tunamshika mtoto kama mwizi wa kuku.

Mkalishe. Mgongo wima, au ameegemea kidogo kwenye mkunjo wa mkono wako, mkono wake mmoja umepita nyuma ya kwapa lako. Chukua sirinji isiyo na sindano (kile kifuniko kidogo kitupe kabisa, kinakaba). Ncha iingie pembeni, baina ya ufizi na shavu, si moja kwa moja kooni. Sukuma kama nusu mili (mililita), ngoja ameze, sukuma tena. Mili 5 zitakula dakika mbili tatu. Naona watu wakikunja uso hapa, eti dakika tatu nyingi, na hao hao wametoka kupigana na mtoto robo saa.

Kijiko cha jikoni sitaki kukisikia. Tukiandika kijiko kimoja cha chai tunamaanisha mili 5. Chako cha kukorogea sukari hakijui hivyo.

Kuchanganya na chakula, sawa, lakini si kwenye chupa nzima ya maziwa wala bakuli la uji. Akibakisha nusu, wewe utajua amekunywa dawa kiasi gani? Kijiko kimoja cha uji au ndizi iliyopondwa kinatosha kwa aliyeanza kula. Anayenyonya tu, mkamulie maziwa kidogo. Asali kwa asiyetimiza mwaka, hata ya kulambishwa, hapana: inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Na dawa ya malaria ile ya kuyeyusha, artemetha-lumefantrini, yenyewe inataka mafuta, kwa hivyo mnyonyeshe au mpe maziwa pamoja nayo. Akiitapika kabla ya dakika 30, rudia dozi nzima.

Kwa dawa nyingine mambo hayanyooki hivyo. Mama ananionyesha doa kwenye leso, ananiuliza ametema kiasi gani. Nakisia tu, jamani. Ikiwa ni parasetamoli huwa mwoga, afadhali nimwambie angoje saa ya dozi inayofuata, maana ikizidi huumiza ini, na ini si la kuchezea.

Na wa miaka miwili? Huyo sina dawa yake. Mwache aisukume sirinji mwenyewe, mwache achague kikombe, ila usimwambie ni peremende, kesho ataimaliza chupa nyuma ya mlango. Siku nyingine yote hayo hayafai kitu. Wangu alipopewa dawa ya metronidazo aliitemea ukutani, na doa lipo mpaka leo. Saa nane za usiku, mimi nikashika mikono, babake miguu. Pua hatukuigusa, lakini sikujisikia vizuri, na mpaka sasa siwezi kukwambia kushika kunaishia wapi na kulazimisha kunaanzia wapi. Asubuhi nilifanya nililopaswa kufanya mapema: nikamuuliza daktari kama kuna nyingine. Mara nyingi ipo, ya kuyeyusha, ya mara chache kwa siku, au ya homa inayowekwa kwa nyuma. Ulizeni.

Turudi kwa bibi. Nilivuta maji kwenye sirinji, nikampa ajaribu pale pale. Mtoto akaiangalia, akaionja, kisha akaanza kuinyonya, na ilipoisha akaing'ang'ania kwa meno yake mawili.

"Hii bei gani?"

"Shilingi kumi, bibi."

Akaniinulia kidole cha shahada, kimefungwa kitambaa. "Shilingi kumi! Na mimi naumwa kidole hiki toka Jumatano."