Ulaji wa mimea: unafuu kwa mazingira unatoka wapi?

Ulaji wa mimea ni mpangilio wa chakula ambao sehemu kubwa ya sahani ni nafaka, jamii ya kunde, mboga, matunda, karanga na mbegu. Nyama, maziwa na mayai vinaweza kuwapo kidogo au visiwepo kabisa. Si lazima uache kila kitokacho kwa mnyama ndipo mazingira yapate nafuu. Kinachoamua ni unapunguza nini, na mahali pake unaweka nini.

Chanzo cha nafuu hiyo ni malisho. Mnyama hula kwanza ili aishi: apate joto la mwili, atembee, ajenge mifupa na ngozi. Kinachobaki ndicho hugeuka nyama. Kwa ng'ombe wa nyama, protini ya malisho inayofika mezani haizidi asilimia chache. Kwa kuku ni karibu asilimia 20. Ndiyo maana ufugaji unameza ardhi. Utafiti wa Joseph Poore na Thomas Nemecek wa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kuwa nyama, maziwa, mayai na samaki wa kufugwa hutumia takriban asilimia 83 ya ardhi ya kilimo, lakini hutupatia asilimia 18 tu ya kalori na 37 ya protini. Ardhi hiyo ikipungua, misitu haifyekwi kwa ajili ya malisho, na palipoachwa panaweza kurudi kuwa msitu na kuhifadhi kaboni.

Kisha kuna methani. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua, na vijidudu vinavyomeng'enya nyasi tumboni mwao huzalisha gesi hii. Wengi hudhani hutoka kwa kujamba, kumbe sehemu kubwa hutoka mdomoni, mnyama anapobeua. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Lakini hudumu angani miaka 12 tu hivi, kwa hiyo kuipunguza huleta matokeo mapema.

Mimea ya jamii ya kunde ina faida nyingine: bakteria waishio kwenye vinundu vya mizizi yake huvuta nitrojeni kutoka hewani, hivyo zao huhitaji mbolea kidogo ya viwandani. Ikitiwa kupita kiasi, mbolea hiyo hutoa gesi joto kali, yaani gesi inayopasha dunia joto, na kuchafua mito.

Tazama tofauti katika utafiti huohuo. Gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama huleta, kwa wastani, gesi joto sawa na kilo 50 za kaboni dayoksaidi. Jibini ni kilo 11, kuku 5.7, njegere 0.4. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaacha nyama ya kuku na kujaza jibini mahali pake, hesabu ikapanda badala ya kushuka. Kosa jingine ni kukazia macho umbali ambao chakula kimesafiri. Kwa vyakula vingi usafiri ni sehemu ndogo ya madhara yote. Ubaya upo kwenye mboga na matunda mepesi kuharibika yanayopakiwa ndegeni.

Kweli, yapo maeneo makavu ambako hakuna kinachoota ila nyasi, na huko mfugo hugeuza kisicholiwa na binadamu kuwa chakula. Hoja hiyo ni nzuri, ila haimtetei ng'ombe anayelishwa mahindi na soya.

Anza kwa kupunguza nyama ya ng'ombe na kondoo, na mahali pake weka maharage. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ya gramu 21 hivi, karibu sawa na uzito uleule wa nyama mbichi. Yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji, weka mengine, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kisha punguza moto hadi yaive. Maharage mekundu yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo hubaki na sumu inayotapisha. Kula pamoja na tunda lenye vitamini C ili mwili ufyonze madini ya chuma, na chai isubiri saa moja. Anayeacha kabisa vyakula vya wanyama atumie vidonge vya vitamini B12 au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, maana mimea haina kiasi cha kutegemewa.