Msimamizi wa mirathi sio mwenye mali, na mengine tunayodanganyana msibani

Mzee akishazikwa, hata matanga hayajaanuliwa, utasikia mtu anasema "sasa kila kitu kiko chini ya kaka mkubwa". Ugomvi mwingi wa mali za familia unaanzia kwenye sentensi hiyo, kwa hiyo nitaanza nayo. Naongelea Tanzania bara, Zanzibar wana utaratibu wao.

Dhana: Kikao cha ukoo kimemchagua, basi yeye ndo msimamizi.

Hapana. Ukoo unapendekeza, anayeteua ni mahakama. Muhtasari wa kikao ni kitu kizuri na mahakama nyingi za mwanzo zitauuliza, maana unaonyesha ndugu mmekaa na mmeongea, ila bila ile barua ya usimamizi yenye mhuri wa mahakama huyo kaka hana mamlaka ya kwenda benki, kuuza kiwanja wala kukusanya kodi za wapangaji kwa jina la marehemu. Na kabla ya kuteuliwa kunatolewa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hiyo kama una shida na huyo mtu huo ndo wakati wa kwenda kusema, sio kulalamika jikoni.

Angalieni pia mirathi mnaifungulia wapi. Mahakama ya mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Marehemu akiwa Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila za kwao, nendeni mahakama za juu yake, kwa sababu uteuzi uliofanyika kwenye mahakama isiyo na mamlaka unaweza kufutwa baada ya miaka na mkaanza upya kabisa, na hapo labda nyumba ishauzwa.

Dhana: Msimamizi ndo mrithi mkuu, au ndo mmiliki mpya.

Hii ndo inayoumiza watu kuliko zote. Msimamizi ameshika dhamana ya watu wengine. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni, kugawa kwa warithi halafu kurudi mahakamani na hesabu, basi. Anaweza hata asiwe mrithi kabisa. Mnapoona hati ya nyumba imebadilishwa na sasa ina jina la kaka, someni maneno yanayofuata baada ya jina, kama yanasema ni msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani basi nyumba bado ni ya warithi wote na yeye ameishika kwa niaba yenu. Akifariki yeye, watoto wake hawarithi usimamizi, mnarudi mahakamani kuomba ateuliwe mwingine.

Na ana muda. Mahakama ya mwanzo inampa miezi 4 kurudisha orodha ya mali na hesabu. Kwa mirathi ya mahakama za juu, Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, sura ya 352, inasema orodha ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1 tangu apewe barua, na mahakama inaweza kuongeza muda. Sasa mtu kateuliwa miaka kumi iliyopita, hajapeleka hata karatasi moja, kodi anakula, na wadogo zake wanaogopa kuuliza wasionekane wana tamaa! Kuuliza hesabu ni haki ya mrithi. Kifungu cha 49 cha sheria hiyo kinaruhusu kumuondoa msimamizi aliyeacha kwa makusudi kupeleka orodha au hesabu, au aliyepeleka za uongo, au aliyepata uteuzi kwa udanganyifu, mfano kuficha kwamba kuna watoto wengine wa marehemu.

Lakini upande wa pili nao tuuseme. Warithi wengi wanaamini msimamizi hawezi kuuza kitu mpaka wote wasaini. Mahakama ilishaliamua hilo kwenye kesi ya Mohamed Hassani dhidi ya Mayasa Mzee, ya mwaka 1994, kwamba msimamizi halazimiki kupata ridhaa ya kila mrithi kabla ya kuuza mali ya marehemu. Anachobanwa nacho ni kwamba auze kwa faida ya mirathi na hela ionekane kwenye hesabu. Ndo maana nasisitiza uchaguzi wa mtu: chagueni anayeandika matumizi na kutunza risiti, hata kama ni kitindamimba, hata kama ni binti.

Dhana: Binti kaolewa, shamba la ukoo halimhusu.

Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, iliamua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mama huyu wa Kihaya aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, mtoto wa ndugu yake akaenda kupinga kwamba mwanamke hana uwezo huo. Mahakama ikasema anao sawa na mwanaume, kwa sababu Katiba inakataza ubaguzi. Miaka yote hii imepita na bado watu wanatoa zile kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, zinazombana mwanamke kwenye ardhi ya ukoo, kama ngao ya kuwanyima dada zao, inasikitisha sana. Kwa Waislamu binti ana fungu lake lililotajwa kwenye Qur'ani, hakuna baba mdogo mwenye ruhusa ya kulifuta.

Dhana: Madeni ya baba yanahamia kwa watoto. Yanalipwa kutoka kwenye mali yake kabla ya kugawana. Mali ikiisha, mshahara wako hauguswi, labda kama ulimdhamini.

Dhana: Hati ina majina ya baba na mama, basi nusu ya baba tunagawana. Inategemea hati imeandikwaje. Kwenye umiliki wa pamoja usio na hisa, Sheria ya Ardhi inampa aliyebaki hai, yaani yote ni ya mama na haiingii kwenye mirathi. Ikiwa kila mmoja ana hisa yake, hisa ya baba ndo inaingia.

Dhana: Tukiwa na trasti ya familia mirathi haituhusu.

Trasti ni mali kukabidhiwa watu, yaani wadhamini, waishike kwa faida ya familia, na inalinda kile tu kilichohamishiwa kwa wadhamini hao mzee akiwa hai. Akisaini makaratasi halafu kiwanja kikabaki kwa jina lake, hicho kiwanja kinasubiri mahakama kama kawaida. Nyumba ya ndoa nayo haiingizwi bila ridhaa ya mwenzi. Na wadhamini wanabanwa vilevile kama msimamizi, sio mali yao.

Dhana: Miaka 3 ikipita hamuwezi tena kufungua mirathi. Mnaweza, ila ombi lieleze kwa nini mmechelewa. Cha kuogopa ni kingine: kesi ya kudai ardhi ina ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ambayo marehemu aliishikilia hadi anafariki, hesabu inaanzia siku aliyofariki, sio siku mliyopata msimamizi. Kwa hiyo kama kuna mtu kavamia shamba la mzee na nyie bado mnabishana nani awe msimamizi, nendeni mkachukue cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali wa usajili, wiki hii na mfungue mirathi.