Je, wajua kwa nini pingi inapita lakini ruta zinakataa kuwa majirani?

Ukikaa na mafundi wa mtandao hapa Nairobi, hutachelewa kusikia mazungumzo haya. Mmoja yuko juu ya ghorofa Upper Hill, mwenzake yuko Industrial Area, na kati yao kuna laini mpya ya redio au ya faiba.

"Boss, pingi inapita. Hebu angalia upande wako."

"Hata huku inapita, chief. Ni hiyo ruta yako."

Pingi ni jaribio la kutuma pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, na kusubiri jibu. Kila mmoja anasema kweli, tena ana ushahidi kwenye skrini. Hata hivyo ruta zao hazitambuani, na wateja walio nyuma yake hawana intaneti. Inakuwaje vifaa viwili vinavyoitikiana vizuri namna hiyo vikatae ujirani?

Kwanza msingi, kwa haraka. Ruta, yaani kifaa kinachoelekeza pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, huhitaji kujua njia za kufikia mitandao ambayo haijaungana nayo moja kwa moja, na habari hizo huzipata kwa ruta zilizo karibu. Ndani ya mtandao wa kampuni, chuo au mtoa huduma, itifaki (kanuni za mazungumzo ya vifaa) inayotumika sana ni OSPF. Toleo lake la 2 limeelezwa katika waraka RFC 2328, ulioandikwa na John Moy na kutolewa Aprili 1998. Ruta hutuma salamu, kwa kawaida kila baada ya sekunde 10, na ikikaa sekunde 40 bila kusikia salamu ya mwenzake huhesabu kwamba mwenzake ameondoka. Zikikubaliana, huonyeshana yote zinayoyajua kuhusu mtandao hadi zote mbili ziwe na ramani moja.

Sasa kuhusu ile imani kwamba pingi ikipita laini ni nzima. Inastahili kufumuliwa polepole, kwa maana ndiyo inayokula usiku wa mafundi wengi.

Pingi inathibitisha jambo moja tu: pakiti ndogo ya ICMP, itifaki ya majaribio na taarifa za hitilafu, imefika kwenye anwani uliyoitaja, na jibu limerudi. Na ni ndogo kwelikweli. Usipotaja ukubwa, Windows hutuma baiti 32 za data, Linux hutuma 56. Haikuambii lolote kuhusu pakiti kubwa, wala kuhusu itifaki nyingine. OSPF haipandi ICMP, haipandi TCP wala UDP, zile itifaki zinazobeba data za programu. Hukaa moja kwa moja juu ya IP, itifaki ya msingi inayobeba pakiti zote hizi, kwa namba yake yenyewe, 89. Fayawoli, yaani kichujio cha usalama, iliyoagizwa kuruhusu ICMP na kuzuia mengine itakupa pingi safi kabisa huku ikimeza kila salamu ya OSPF.

Kuna na suala la anwani. Unapopiga pingi unataja anwani ya jirani. Salamu ya OSPF haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa mwanzoni ruta haijui jirani ni nani. Kwa hiyo huitupa kwenye anwani ya kundi, 224.0.0.5, na yeyote anayetumia OSPF kwenye laini hiyo huisikia. Redio au swichi iliyowekwa kuchuja pakiti za makundi hupitisha pingi bila shida na kuziacha salamu zipotee.

Hata salamu ikifika, bado inaweza kukataliwa. Tuseme upande mmoja umeandikwa 192.168.10.1/24 na mwingine 192.168.10.2/30. Kila ruta inaiona anwani ya mwenzake ndani ya mtandao wake, basi pingi inakwenda na kurudi. Lakini salamu ya OSPF hubeba pia kipimo cha mtandao, na kwenye laini ya aina ya Ethernet kile /24 na kile /30 visipolingana, salamu hutupwa bila jibu. Ni hivyohivyo kwa muda wa salamu, muda wa kumhesabu jirani kuwa ameondoka, namba ya eneo na aina yake, pamoja na nywila kama ipo. Kitambulisho cha ruta ndicho peke yake kinachotakiwa kutofautiana: ruta mbili zikiwa na kitambulisho kimoja, hakuna ujirani. Tarakimu moja iliyokosewa saa nane usiku inatosha, na pingi haitaiona kamwe.

Habari njema ni kwamba ruta yenyewe huandika mazungumzo yamefika wapi. Kwenye ruta za kampuni ya Cisco utaandika `show ip ospf neighbor` na kusoma hali ya jirani. Asipoonekana kabisa, ama salamu hazifiki ama zinakataliwa kwa mojawapo ya sababu nilizotaja. Ukiona Init, ruta yako inamsikia jirani, ila salamu zake haziitaji ruta yako, yaani yeye hakusikii. Njia inapita upande mmoja, na uchunguzi unaanzia pale zinapopotelea salamu zako. Ukiona 2-Way, zinasikilizana. Kwenye swichi moja yenye ruta nyingi, zile ambazo hazikuchaguliwa kuwa ruta kuu wala msaidizi hubaki 2-Way kati yao, na hiyo ni afya kamili. Usiiguse. Full ndiyo mwisho wa safari.

Kati ya 2-Way na Full kuna hatua tatu: ExStart, Exchange na Loading. Hapo ndipo penye maajabu.

Fikiria mtu anahamia kwenye estate ambayo langoni kuna chuma cha kuzuia magari marefu. Siku nzima boda boda zinaingia na kutoka: moja imeleta funguo, nyingine imeleta chakula. Ukiwa barabarani utaapa kwamba njia iko wazi. Kisha lori la vyombo linafika, linakwama chini ya chuma. Pingi ni boda boda. Salamu za OSPF pia ni boda boda. Lori ni ile orodha ya yaliyomo kwenye hifadhi ya ruta, yaani ile ramani yake ya mtandao, inayoanza kutumwa baada ya salamu kukubaliwa.

Waliobuni OSPF walilitambua tatizo hili wakaweka tahadhari: kabla ya kupakia, kila upande utaje kimo cha lori lake. Pakiti ya maelezo ya hifadhi ina sehemu ya baiti 2 inayotaja MTU, yaani pakiti kubwa kuliko zote ambayo mlango wa ruta, pale laini inapochomekwa, unaweza kutuma bila kuikata vipande. Ruta iliyowekwa 1500 ikipokea tangazo la 9000, huitupa pakiti hiyo. Haitumi malalamiko. Mwenzake husubiri jibu, kwa kawaida sekunde 5, anatuma tena, na tena. Ndiyo maana mara nyingi utaona upande mmoja umeganda ExStart na mwingine Exchange, kisha ujirani unaanguka na kuanza upya.

Huenda ukaona ni ukali usio na sababu, kwa kuwa pakiti ile ya kwanza ni ndogo na ingepita bila taabu. Kwa maoni yangu huu ni uamuzi wa busara kuliko mwingi niliouona kwenye itifaki za mtandao. Laiti ujirani ungekubaliwa, pakiti kubwa za wateja zingeanza kupotea baadaye, moja moja, bila mtu kujua zinakopotelea. Afadhali kukataa langoni, mchana kweupe.

Ila tahadhari hiyo ina mpaka. Inalinganisha malango mawili ya mwisho. Haijui lolote kuhusu chuma kilicho katikati ya njia. Mtoa huduma anaweza kubeba laini yako ndani ya VXLAN, mbinu ya kufunga pakiti ndani ya pakiti nyingine, ambayo huongeza baiti 50 kwa kila pakiti. Kama vifaa vyake vya ndani vimeachwa kwenye 1500, wewe unabaki na 1450. Ruta zako zote mbili zinatangaza 1500, zinakubaliana vizuri, na pakiti iliyojaa haifiki.

Hapo ndipo hutokea kisa kinachowachanganya watu kabisa. Laini imefanya kazi miezi mingi, hakuna aliyegusa kitu. Stima inapotea, jenereta inachelewa, ruta zinazima na kuwaka, na ujirani hauinuki tena. Kila mtu analaumu stima kwa kuharibu kifaa. Hesabu inasema vingine. Kila kitu kilicho kwenye hifadhi huorodheshwa kwa kichwa cha baiti 20. Ukiondoa vichwa vya IP na vya OSPF vyenyewe, pakiti ya baiti 1500 inabeba vichwa 72 hivi. Laini ilipowashwa mara ya kwanza mtandao ulikuwa mdogo, orodha haikujaza pakiti, ikapita. Mtandao ulipokua, habari mpya ziliongezwa kidogo kidogo, kila moja kwa pakiti yake ndogo, kwa kuwa majirani ambao tayari wako Full hawarudii orodha nzima. Baada ya kuzima na kuwaka orodha inatumwa yote upya, na safari hii inajaza pakiti. Kasoro ilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Kupima ni rahisi. Tuma pingi kubwa iliyokatazwa kukatwa. Kwenye Linux ni `ping -M do -s 1472` ikifuatwa na anwani, kwenye Windows ni `ping -f -l 1472`. Baiti 1472 za data, 8 za ICMP na 20 za IP hufanya 1500. Kwenye ruta za Cisco unataja ukubwa wa pakiti nzima, hivyo andika 1500. Ikikataa, shuka hadi ipite. Hicho ndicho kimo halisi cha njia. Pima kutoka pande zote mbili, na kabla ya hapo soma MTU iliyoandikwa kwenye kila mlango, kwa sababu ikiwa mmoja ni 1500 na mwingine 9000, pingi ya 1500 itapita huku na huku na bado ujirani utakataa.

Cisco ina amri `ip ospf mtu-ignore`, inayoifanya ruta ipuuze tofauti hiyo. Inavutia, maana mara nyingi ujirani hupanda papo hapo. Lakini umeondoa ukaguzi tu, chuma kiko palepale. Naikubali pale ambapo umepima na kuona pakiti kubwa kweli zinapita, na tofauti ni ya namna vifaa viwili vinavyohesabu. Nje ya hapo, sawazisha MTU pande zote.

Kati ya kampuni na kampuni itifaki ni nyingine, BGP, inayotumia TCP kwenye mlango (port) namba 179. Ndiyo inayounganisha watoa huduma kwenye KIXP, kituo cha kubadilishana intaneti cha hapa Nairobi. Kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano baada ya wiki chache tu, na kikarudi Februari 2002. Kabla yake, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa nyingine, wote Nairobi, ilipanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi.

Kwenye BGP chuma kile hujitokeza kwa sura nyingine. Hakuna tangazo la MTU. Ujumbe wa kufungua mazungumzo ni mdogo, na ule wa kuonyesha uhai ni baiti 19 tu, hivyo hali inafika Established, yaani ujirani umesimama, na kila mtu anashangilia. Kisha orodha ya njia inaanza kumiminika kwa pakiti zilizojaa, hazifiki, na kwa kuwa TCP hupeleka data kwa mpangilio, hata jumbe za uhai zinakwama nyuma yake. Muda wa kusubiri unaisha, ujirani unavunjika, unainuka, unavunjika tena. Ukiona kwenye kumbukumbu za ruta kwamba BGP inaanguka kwa kuisha muda kila baada ya dakika chache, na idadi ya njia zilizopokelewa inabaki sifuri, anza na pingi ya 1472.