Kwa nini uji unaunguza kuliko cheche? Maswali kuhusu joto na ngozi

Joto na halijoto si kitu kimoja?

Hapana. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno zisizotulia. Halijoto hutuonyesha chembe hizo, kwa wastani, zinatikisika kwa nguvu kiasi gani, nayo ndiyo hupimwa na kipimajoto. Nishati ya joto ni jumla ya nishati ya chembe zote zilizomo. Nishati hiyo ikihama kutoka kitu chenye halijoto ya juu kwenda chenye halijoto ya chini, tunaiita joto. Ngozi huungua kwa sababu ya kuhama huko.

Mbona cheche ya makaa ikinirukia mkononi haiachi jeraha kubwa, lakini uji huacha?

Cheche ina halijoto ya mamia ya nyuzi za Selsiasi, ila ni punje tu: nishati yake ni ndogo na inaisha mara moja. Sufuria ya uji haifiki hata nyuzi 100, lakini imebeba nishati nyingi, na uji mzito hunata. Unaendelea kuingiza joto mwilini wakati mama bado anatafuta kitambaa. Wengi wetu Nairobi tunapikia chumba kilekile watoto wanamochezea, jiko likiwa sakafuni, kwa hiyo sufuria ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Nasikia maji hapa huchemka kabla ya nyuzi 100. Basi hayaunguzi sana?

Ni kweli, Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 hadi 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ngozi haitajua tofauti. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. (Maji ya kunywa nayo yakitokota dakika moja, vijidudu vinakufa.)

Na mvuke?

Mvuke ni hatari kuliko unavyoonekana. Gramu moja ikigusa ngozi na kugeuka maji hutoa takriban jouli 2,260 (jouli ni kipimo cha nishati). Gramu ya maji yanayochemka ikipoa hadi halijoto ya mwili hutoa kama 240 tu. Ukifunua sufuria, inua mfuniko kwa upande wa mbali nawe.

Mtoto amemwagikiwa chai. Nifanye nini kwanza?

Mvue nguo zilizolowa, maana zinahifadhi joto; iliyonata kwenye ngozi iache. Kisha mmwagilie maji safi ya baridi ya kawaida mahali palipoungua kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, chota kwenye mtungi, mwaga kikombe baada ya kikombe. Dakika 20 ni ndefu mtoto akilia, najua, lakini joto lililokwisha kuingia bado linapenya ndani, na maji ndiyo yanayolitoa. Sehemu nyingine za mwili mfunike asipate baridi.

Nawasihi: msipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Havitoi joto, na daktari atalazimika kuvisugua juu ya kidonda. Barafu pia huumiza ngozi iliyoungua. Malengelenge msiyapasue.

Funika kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Kwa mtoto mdogo usingoje kesho, hasa akiungua usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, au jeraha likizidi ukubwa wa kiganja chake.