OTG haizalishi umeme

Kijana ananunua saundi kadi ya nje, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na simu, ili arekodi kaswida au kwaya kwa simu. Anaichomeka kwenye simu kwa ile adapta iitwayo OTG, taa haiwaki. Akirudi dukani kuuliza, jibu ninalolisikia kila mara hapa Kigoma, Mwanga au Ujiji, ni lile lile: "OTG yako ndogo, tafuta OTG yenye nguvu." Anatoa pesa ya adapta nyingine, kisha nyingine tena, na taa bado haijawaka. Linaniuma jambo hili, maana pesa hiyo mara nyingi imechangwa na wanamadrasa au wanakwaya wenyewe.

OTG, kwa kirefu USB On-The-Go, ni utaratibu uliotolewa mwaka 2001 unaoiwezesha simu kushika nafasi ya kompyuta. USB ilipoanza mwaka 1996 ilimtambua kiongozi mmoja tu, kompyuta. Printa, kipanya na flashi vilikaa kimya vikisubiri kuulizwa, na simu nayo ikichomekwa kwenye kompyuta ilikaa kundi hilo hilo. OTG iliipa simu ruhusa ya kuuliza. Maana yake inaishia hapo.

Ukiuchana waya wa OTG wa zamani, ule wenye mdomo wa micro-USB, ndani hukuti betri wala kifaa chochote cha kukuza umeme. Mdomo huo una pini 5, na mojawapo ni pini ya utambulisho. Kwenye waya wa kawaida pini hiyo imeachwa wazi. Kwenye waya wa OTG imeunganishwa na hasi. Simu ikiligundua hilo inajua kwamba leo yeye ndiye kiongozi, nayo inatoa volti 5 kutoka kwenye betri yake yenyewe. Adapta ya Type-C hufanya kazi hiyo hiyo kwa rezista moja ya oumu 5,100. Ni ishara tu. Waya uliolegea au mwembamba kupita kiasi unaweza kupoteza umeme njiani, hilo ni kweli, lakini hakuna waya unaouongeza.

Sasa tufike penye mkanganyiko wenyewe. Kifaa kinapochomekwa kwenye simu, kuna maswali mawili tofauti: nani anaongoza mazungumzo ya data, na nani analisha umeme? Anayeongoza swala si lazima awe ndiye aliyelipia luku ya msikiti. Kwenye simu za micro-USB maswali haya mawili yalifungwa pamoja: simu ikiongoza, basi ndiyo inayolisha. Ndiyo maana simu nyingi za aina hiyo hazipokei chaji huku zikitumia OTG, na ndiyo maana watu walizoea kudhani kuongoza na kulisha ni kitu kimoja. Type-C yenye Power Delivery, yaani utaratibu wa vifaa kupatana nani amlishe nani umeme, iliyatenganisha. Simu inaweza kubaki kiongozi wa data huku yenyewe ikipokea chaji kutoka nje. Yaani mwenye simu ya Type-C anatafuta "OTG yenye nguvu" wakati wenye kuibuni USB walishampa njia ya kuuleta umeme kutoka mahali pengine kabisa.

Na umeme wenyewe ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Tundu la USB 2.0 la kompyuta hutoa hadi miliampea 500, yaani wati 2.5. Simu haikubanwa hivyo: kanuni ya kwanza ya OTG iliidai itoe angalau miliampea 8 tu. Simu nyingi hutoa zaidi ya hapo, lakini kila moja kwa kadiri yake, na ikiona inanyonywa kupita kiasi inakata ili kuilinda betri. Kwa flashi au kipanya inatosha. Saundi kadi ina vikuza sauti vya maiki, ina saketi za kugeuza sauti kuwa data, inaendesha hedifoni, na juu ya hayo kuna kile kitufe cha 48V.

Kitufe hicho nacho kimesingiziwa sana. Wapo wanaokibonyeza wakiamini kinaiongezea saundi kadi nguvu. Kazi yake ni kupeleka volti 48 kwenye maiki ya kondensa, ile inayohitaji umeme ili ifanye kazi, na saundi kadi inazipata kwa kuzipandisha volti 5 zile zile zinazotoka kwenye simu. Kwa hiyo ukikibonyeza umeongeza mzigo. (Volti 48 zenyewe zinahusishwa na redio ya taifa ya Norway, ambako mwaka 1966 kampuni ya Neumann ilikuta studio tayari ina umeme huo kwa ajili ya taa za dharura.) Kama maiki yako ni ya dainamiki, zile za kawaida za kushika mkononi, hukihitaji kabisa. Kiache kimezimwa, na huenda saundi kadi iliyokuwa inazimika ikatulia.

Kujua kama OTG yako ni nzima ni rahisi: chomeka flashi. Kama haisomeki, pitia kwanza mipangilio ya simu, maana baadhi ya simu hutaka OTG iwashwe kwa mkono na huizima yenyewe isipotumika. Ikisomeka, adapta haina kosa, iache. Na kama taa ya saundi kadi inawaka ila programu ya kurekodi haiioni, hapo hata umeme hauhusiki. Angalia kama saundi kadi inafuata kanuni ya USB Audio Class, isiyohitaji dereva (programu ya ziada ya kuiendesha), ambayo Android inaielewa tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaouza vifaa vya simu, mteja akija na saundi kadi isiyowaka, tafadhali msimpe adapta nyingine. Mwenye Type-C mpeni habu, kile kigawanyio cha matundu ya USB, yenye tundu la kuingizia chaji. Mwenye micro-USB mpeni habu inayojitegemea kwa umeme wake. Mwenye iPhone ya tundu la Lightning mpeni adapta ya kamera ya USB 3, ile yenye tundu la chaji pembeni. Zipo pia saundi kadi, kama Steinberg UR22mkII, zenye tundu lao la volti 5. Hizo hutosheka na chaja ya kawaida, au pawa benki siku umeme umekatika, mradi pawa benki yenyewe isiwe ya zile zinazojizima zikiona matumizi ni madogo. Na mteja akiomba "OTG yenye nguvu", mwambieni kwa upole kwamba anachotafuta ni chanzo cha umeme.