Chipu ya Z80: yasemwayo na yaliyo kweli

"Fundi, hiyo si ni Intel tu iliyobandikwa jina jingine?" Swali hili silikosi hapa mezani kwangu Majengo, Dodoma. Kila nikishapangusa vumbi jekundu kwenye bodi ya zamani, ile Z80, chipu ndefu nyeusi yenye miguu 40 iliyo ubongo wa kompyuta, ikajitokeza, lazima mtu aliulize.

Si kweli, ingawa undugu upo. Federico Faggin aliongoza usanifu wa chipu ya 4004 ya mwaka 1971 akiwa Intel. Mwishoni mwa 1974 aliondoka, akaanzisha kampuni ya Zilog pamoja na Ralph Ungermann. Masatoshi Shima, aliyesanifu 8080, chipu nyingine ya Intel, naye akawafuata. Z80 ikatoka 1976. Waliifanya makusudi ielewe amri za 8080 ili programu zilizokwisha kuandikwa zisipotee bure, kisha wakaongeza za kwao. Tena 8080 ilidai umeme wa aina tatu: volti 5, volti 12 na hasi 5. Z80 inatosheka na volti 5 peke yake. Hata kuhuisha memori za DRAM, ambazo husahau kila kitu zisipokumbushwa ndani ya milisekunde chache, inasaidia yenyewe. Aliyewahi kuunga bodi kwa mkono anajua hizo ni waya ngapi zimepungua.

Wengine husema chipu ya biti 8 kama hii haihesabu zaidi ya 255. Hiyo ni kwa rejista moja, yaani kijisanduku kimoja cha kuwekea namba ndani ya chipu. Rejista zake huungana mbilimbili zikabeba hadi 65,535, na memori inayoifikia moja kwa moja ni kilobaiti 64.

Kwamba ilikufa zamani? Iliendesha kompyuta ya TRS-80 mwaka 1977, mashine za mchezo wa Pac-Man mwaka 1980, kompyuta ya ZX Spectrum mwaka 1982, na baadaye vikokotoo vya TI-83. Ni mwaka 2024 tu Zilog ilipotangaza kufunga oda za toleo la kawaida la miguu 40. Game Boy, kile kifaa cha michezo cha mkononi, watu huitaja sana, lakini ile ilitumia chipu ya Sharp: ni jamaa yake, wala si Z80.

Dhana inayoniuma zaidi ni ya megahezi: eti Z80 yenye megahezi 4, yaani mapigo milioni nne kwa sekunde, ni lazima iishinde mara nne chipu nyingine iitwayo 6502 ya megahezi 1. Hii siibishii kwa mdomo. Juzi kijana wa chuo alisimama kwenye hoja hiyo hiyo, nikamwekea mezani Z80 ya aina ya CMOS, ambayo mapigo yake unaweza kuyasimamisha isipoteze kitu. Laini zake nane za data nilikuwa nimezishusha kwenye volti sifuri, kwa hiyo kila ikisoma inakuta sifuri, yaani amri ya "usifanye lolote, nenda mbele". Kwenye laini za anwani, zinazoonyesha imefika wapi kwenye memori, nimeweka taa ndogo nyekundu. Mapigo yanatoka kwenye kitufe.

Akabonyeza mara moja. Taa kimya. Mara ya pili, ya tatu, kimya. Ya nne, bado. Ya tano ndipo taa ya kwanza ikawaka.

"Kumbe amri moja inakula mapigo manne?"

Nikamwambia ndiyo, na hiyo ni katika zile fupi kabisa. Amri kama hiyo kwenye 6502 humaliza mapigo mawili. Hakujibu. Alikuwa ameshainamia kitufe tena, anahesabu kwa sauti.