Ukiwekewa mrija wa aota, vidonge vya presha bado vina kazi

Siku hizi kliniki yetu ya mishipa ya damu hapa Kampala inapokea malalamiko yanayofanana: mgonjwa aliyewekewa mrija ndani ya aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, anadai opereshini imeshindikana kwa kuwa presha yake imepanda. Tukifungua faili, mara nyingi tunakuta aliacha vidonge wiki chache tu baada ya kutoka wodini. Dawa ni ghali, tunalijua hilo. Lakini wengi hawatuambii habari ya pesa. Wanasema, "Musawo (daktari), chuma kimeshaingia, presha itatoka wapi?"

Kwa sehemu, itatoka kwenye chuma hicho hicho.

Aota yenye afya hunyumbuka. Moyo ukisukuma damu, mshipa hutanuka. Moyo ukipumzika, mshipa hujirudi na kuisogeza damu mbele. Mrija wetu ni kitambaa cha poliesta au cha PTFE, ndugu wa ile dawa inayopakwa kwenye vikaango, kilichoshikiliwa na nyaya za nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani) au chuma cha pua. Kazi yake ni kuipunguzia nguvu ya damu sehemu ya aota iliyovimba, isije ikapasuka, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Kutanuka kama mshipa, hauwezi. Tazama tyubu ya baiskeli yenye kiraka unapoipiga pampu: mpira wote unafura, pale penye kiraka panakaza. Ndivyo wimbi la mapigo linavyofika kwenye mrija, linapita kwa kasi, na sehemu yake inarudi kwa moyo mapema mno, wakati moyo bado unasukuma. Namba ya juu ya presha inapanda, na miaka ikienda ukuta wa moyo upande wa kushoto unanenepa.

Ugumu huu tunaupima kwa kasi ya wimbi hilo kutoka shingoni hadi kinenani. Ikizidi mita 10 kwa sekunde, mishipa imekakamaa. Tafiti zilizopima wagonjwa kabla na baada ya mrija zimeona kasi ikiongezeka, na baadhi zimeona poliesta ikiiongeza kuliko PTFE. Urefu wa mrija nao una neno lake, hasa kifuani, ambako aota hunyumbuka zaidi kuliko tumboni.

Chapa ya kiwanda hatutaji. Daktari huanza na umbo la mshipa wako, kisha huchagua mrija wenye kipenyo kinachozidi cha mshipa kwa asilimia 10 hadi 20 ili ushike. Kwa hiyo ndugu wanaotuletea picha kwenye simu wakitaka "ule mgumu kabisa, usiochakaa" wanaomba kisichomfaa mzee wao. Na kwa wanaotuuliza: hapana, radi haivutwi na chuma kilicho tumboni.

Sasa utaratibu. Ulipotoka wodini ulipewa kadi yenye aina ya mrija, vipimo na namba yake. Ipige picha, mtoto mmoja abaki na nakala, na kadi yenyewe uje nayo kila mara. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya mwili, ni baada ya mwezi 1, kisha miezi 12, kisha kwa ratiba ya daktari wako, maisha yote, kwa sababu damu inaweza kuvuja nyuma ya mrija bila wewe kusikia maumivu. Njoo na majibu mapya ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, si ya mwaka jana. Dawa unayochomwa ili picha ionekane vizuri hupita kwenye figo. Asiyefika mara mbili bila kupiga simu, nafasi yake anapewa mwingine, naye anaanza mwisho wa foleni. Aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Arua hatutamrudisha kwa ajili ya aliyelala Ntinda, hapa hapa Kampala.

Sigara, acha. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na geti la hospitali limo.

Vidonge vikikuishia kabla ya tarehe, usingoje siku ya kliniki. Nenda Kituo cha Afya IV kilicho karibu, onyesha kadi na karatasi ya dawa, upimwe presha siku hiyo hiyo. Maumivu makali ya ghafla mgongoni au tumboni hayangoji kituo wala kliniki: ni hospitali ya rufaa, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.